Mwiba wa mchongoma hauozi upesi

Jumanne nimemaliza kupogoa ua, na sasa shambani, mbali na banda la ng'ombe, kuna rundo la matawi lililonipita kimo. Kuna vijiti vya kaliandra, kuna mgrivea, kuna lantana na alizeti pori, na pembeni kwenye turubai, pale ambapo nimekataza mtu asiingize mkono, kuna michongoma iliyokatwa mapema ikauke. Zamani rundo kama hili nisingelala nalo siku tatu. Ningelifanya biwi, ningesubiri jioni upepo utulie, ningetia kiberiti na kwenda kuoga.

Ndivyo nilivyolelewa. Baba alichoma, na babu kabla yake. Kwetu huku Lushoto harufu ya biwi ndiyo harufu ya kiangazi. Ukisimama mlangoni jioni ya Januari na kutazama upande wa pili wa bonde, unaona moshi mweupe umesimama wima shamba kwa shamba, unajua fulani amefyeka, na fulani naye amemaliza. Shamba lililochomwa lilionekana safi. Mtu aliyeacha matawi yakilala shambani alionekana mvivu, au mgonjwa.

Shamba langu ni ekari moja na nusu, liko kwenye mteremko kiasi kwamba chungwa likianguka juu utaliokota kwa jirani. Ua umezunguka pande tatu, hatua zangu 210 kwa kuhesabu. Upande wa barabara ni michongoma aliyoipanda baba kuzuia mbuzi na wezi. Upande wa juu ni kaliandra na migrivea niliyopanda mwenyewe baada ya kustaafu ualimu. Upande wa magharibi sikupanda kitu, lantana na alizeti pori zilijipanda zenyewe, nami nikazipokea kwa sababu zinashika udongo. Ua wa namna hii unakatwa mara mbili kwa mwaka: Juni, masika yakishaisha, na Septemba kabla ya vuli. Nikipitwa na Septemba moja tu, michongoma inafunga njia ya miguu na watoto wa shule wananichania sare.

Sasa nieleze moto, maana bila moto ule ningekuwa nachoma mpaka leo.

Ilikuwa Februari 2018. Mwaka huo nilichelewa kupogoa, nikakata kila kitu Januari, matawi yakakauka yakawa yanavunjika kwa kuguswa. Nilirundika biwi kwenye kona ya chini, hatua kama kumi kutoka mpakani. Sikusafisha njia ya moto kuzunguka biwi, nikasema upepo umelala. Haukuwa umelala. Moto ulipofika kwenye lantana ulipiga mlio kama mafuta ya kukaangia, ukaruka juu, cheche zikavuka mpaka. Kwa jirani yangu kulikuwa na majani makavu ya migomba yananing'inia, na nyuma yake miti yake ya miwati. Tulizima na ndoo, matawi mabichi na udongo, watu kama kumi na watano, mpaka saa mbili usiku. Migomba kumi na minne iliungua. Miwati iliungua chini chini, majani yote yaliyokuwa yamelala yakaisha.

Asubuhi yake nilikwenda kuomba radhi, nimefuatana na kaka yangu mkubwa, kwa sababu jambo kama hilo mtu haendi peke yake. Jirani alitukaribisha chai. Alisema, "Mwalimu, mgomba utachipua. Lakini mimi nina watoto wadogo pale nyuma." Hakuongeza neno. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeahidi kwamba biwi halitawashwa tena shambani kwangu.

Mvua za Machi zilipokuja, pale moto ulipopita chini ya miwati paliota miche ya miwati kama mchicha uliomwagwa. Mbegu ya muwati ina ganda gumu, inaweza kukaa ardhini miaka mingi imelala, na moto ndio unaoiamsha. Kila masika tangu hapo tunang'oa miche ile, mimi na yeye, na bado haijaisha. Moto uliwaka saa chache tu, ila kazi yake naifanya hadi leo.

Kuahidi ni rahisi. Juni ilipofika nikapogoa, rundo likasimama pale, nami sikujua la kufanya nalo. Ndipo nikakumbuka Mbinga.

Nilifundisha Mbinga, kusini mwa Tanzania, kuanzia 1986 hadi 1993, shule ya msingi, kwenye milima ya Wamatengo. Yeyote aliyefika kule hawezi kusahau mashamba yao. Mlima mzima umetobolewa mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki. Wanayaita ngoro. Mwishoni mwa mvua wanafyeka nyasi, wanazipanga kwenye mistari inayokatana hadi zinakuwa miraba, kisha wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunikia juu ya nyasi. Panapochimbwa panakuwa shimo la kushika maji, nyasi zilizofunikwa zinakuwa tuta. Maharage yanapandwa juu ya matuta hayo, na msimu unaofuata mahindi. Nilipofika mara ya kwanza nilimuuliza mama mwenye nyumba wangu mbona hawachomi, kwani kuchoma si ndiyo rahisi? Alinishangaa. "Ukichoma, utafunika nini?"

Basi nikaamua kufunika. Nilichimba mifereji, nikalaza matawi ya mgrivea na kaliandra yote pamoja, vijiti na vyote, nikafukia, nikapanda mahindi juu. Mahindi yalifika magotini yakasimama. Yakawa ya njano kuanzia majani ya chini. Nilimwita bibi shamba, akachimba kwa jembe akanionyesha vijiti vyangu vimejaa utando mweupe wa kuvu. Alinieleza kwamba wadudu wadogo wanaoozesha kuni wanahitaji naitrojeni, na kijiti hakina ya kutosha, kwa hiyo wanaichukua kwenye udongo, na mahindi yanabaki na njaa. Nyasi za Wamatengo ni laini, zinaoza haraka. Kuni si nyasi. Akaniambia: kilicho laini fukia, kilicho kigumu laza juu ya ardhi.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifundisha kulitazama rundo upya. Nilikuwa naona takataka. Kumbe ndani yake kuna vitu sita au saba tofauti, na kila kimoja kinataka kwenda kwake.

Kaliandra haifiki hata chini. Tukiikata inakwenda moja kwa moja kwa ng'ombe, ikiwa mbichi, siku hiyohiyo au kesho yake. Ikinyauka na kukauka ng'ombe hafaidiki nayo sana, na mwenyewe anaifahamu, anaisukuma kwa pua. Wafugaji wa Embu, Kenya, ambako majaribio mengi ya kaliandra yalifanyika, wanahesabu kwamba kilo tatu za majani mabichi zinashika nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Mimi sina mizani, nina jicho na ndoo ya kukamulia, na ndoo inakubaliana nao. Kitu kimoja tu: isizidi theluthi ya chakula chake chote, kwa sababu ina tanini nyingi, ule ukakasi unaokausha kinywa. Naikata ikifika kifuani, nabakiza shina la urefu wa mita moja hivi, inachipua upya. Vijiti vinavyobaki ng'ombe akishakwanyua majani vinakauka kwa wiki mbili na kuivisha uji bila moshi mwingi.

Alizeti pori ndiyo niliyoidharau kuliko yote, nami naomba radhi zake hadharani. Ni ile yenye maua ya njano inayojaa kando ya barabara zetu. Majani yake yakikaushwa yana naitrojeni karibu asilimia 3.5, na yana potasiamu nyingi, kiasi kwamba watafiti wa magharibi mwa Kenya waliwashauri wakulima waikate na kuifukia kama mbolea. Inaoza haraka mno. Naikatakata kwa panga, naiweka kwenye mashimo ya kabichi wiki moja kabla ya kuhamisha miche, nafunika na udongo. Mashina yake sifukii kamwe, maana shina la alizeti pori likigusa udongo wenye unyevu linaota mizizi, na baada ya miezi miwili utapalilia msitu katikati ya kabichi. Mashina nayaanika juu ya mawe kwanza mpaka yalie kavu.

Mgrivea ni mti wa heshima. Ulitoka Australia, ukaletwa kuweka kivuli kwenye kahawa na chai, na sasa sijui kama kuna mteremko huku usio nao. Matawi makubwa ni kuni, hilo halina mjadala. Matawi membamba yenye viganja vingi nayachagua moja moja, kwa sababu ndiyo vijiti vya njegere. Njegere haitaki mti mnene ulionyooka kama wa nyanya. Inataka kijitawi chenye vidole vingi ikamatie. Nachomeka kila hatua moja, na mwanangu akija kutoka Tanga hushangaa kwa nini mama yake ana mafungu ya vijiti yaliyofungwa kwa kamba za mgomba nyuma ya nyumba kama hazina. Ni hazina. Msimu uliopita wachuuzi wa njegere walinunua kwangu kabla ya kwa wengine kwa sababu zangu hazikulala kwenye matope. Majani ya mgrivea yanaoza polepole, basi nayatandaza chini ya mipichi na miplamu. Yanakaa pale mwaka mzima, magugu yanasongwa, na udongo chini yake unabaki na unyevunyevu hata Februari.

Kuhusu lantana naomba msomaji mwenye mifugo asikilize. Lantana ni sumu kwa ng'ombe. Ng'ombe mwenye shibe haigusi, lakini wakati wa njaa, au ikichanganyika na majani mengine kwenye hori, anaila. Mwaka wa kwanza wa kutochoma nilikuwa na haraka, nikabeba mzigo wa ua wa magharibi pamoja na wa kaliandra nikamwaga horini. Siku ya tatu ng'ombe wangu aliacha kula, macho yakawa ya njano, na ngozi kwenye madoa yake meupe ikaanza kupasuka kama imechomwa na jua. Kweli ilikuwa imechomwa na jua: sumu ile inaharibu ini, na ini likishindwa kazi, ngozi isiyo na rangi haivumilii mwanga. Daktari wa mifugo alimwokoa, tulimweka gizani bandani wiki tatu, lakini maziwa ya mwaka huo yalikwenda. Tangu hapo lantana inakatwa siku yake peke yake, inabebwa na toroli lake, na haipiti mbele ya banda.

Jirani wa chini ana ua wa minyaa. Yeye ndiye anayejua shida zake. Mimi nasema tu kwamba kibarua anayekata minyaa avae miwani. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni kilio. Maji safi, mengi, papo hapo, kisha hospitali.

Sasa vilivyo vigumu: matawi ya lantana yaliyokauka, mashina ya alizeti pori, vipande vya mgrivea vilivyopindapinda visivyofaa kuni wala njegere. Hivi ndivyo ninavyovilaza juu ya ardhi kama nilivyoambiwa, lakini silazi ovyo. Navilaza kwa kontua, mistari inayokata mteremko, ili maji yakishuka na udongo yakute kizuizi.

Kupata kontua sikuhitaji chombo cha fundi. Niliunganisha miti mitatu ikawa herufi A, nikafunga kamba kileleni yenye jiwe mwisho wake. Mahali kamba inapokata ule mti wa katikati miguu yote miwili ikiwa sawa, unatia alama. Kisha unatembea na A yako kukata mteremko, mguu kwa mguu, kila kamba ikitulia kwenye alama unapigilia kijiti. Jicho litakudanganya. Mimi niliamini nalijua shamba hili tangu utotoni, nikaapa mstari unapita kwenye jiwe kubwa la baba. A ikanionyesha unapita hatua nne juu yake.

Kwenye vijiti hivyo nikalaza matawi, vitako vikitazama upande wa juu, upana wa kama mkono mmoja, kimo cha chini ya goti, nikakanyaga kwa miguu yakashikana. Nina mistari mitano, kati ya mmoja na mwingine hatua kumi hadi kumi na mbili. Nyuma yake nimepanda majani ya Guatemala, nyasi ndefu za malisho, ili matawi yakishaoza majani yabaki yanashika kazi.

Siku ninapanga mstari wa kwanza alipita mzee mmoja wa kijijini, umri wake unazidi wa kaka yangu mkubwa kwa mbali. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama akiegemea fimbo, akatazama kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Mwanangu, mmerudisha matuta?"

Kwa asiyejua: wakati wa Waingereza kulikuwa na mpango wa kulazimisha watu wa Usambara kuchimba matuta kwenye miteremko kuzuia mmomonyoko. Asiyechimba alishtakiwa na kupigwa faini. Kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa ikawaangukia akina mama wenye watoto mgongoni, na watu waliichukia hata mpango ukafa kabla ya Uhuru. Baba alikuwa kijana wakati huo. Hakupenda kuzungumzia, ila alikuwa akisema kwamba udongo aliupenda na jembe alilipenda, lakini lile tuta hakuwahi kulipenda. Kwa hiyo swali la mzee lilinichoma. Nilimjibu kwamba hapana, babu, hakuna aliyenilazimisha, na sijachimba, nimelaza tu nilichokuwa nachoma. Aliinama akashika mstari, akautikisa. "Huu hautastahimili vuli," akasema, akaenda zake.

Ulistahimili vipande vitatu kati ya vinne. Kipande kimoja kilibomoka kwa sababu nilikitengeneza kwa matawi yenye majani tu, bila vijiti vya kupigilia chini. Maji yalikibeba kama jahazi. Lakini nyuma ya vile vitatu, Desemba, nilipima kwa kiganja udongo uliokamatwa: shubiri nzima mahali pengine. Udongo mweusi, ule wa juu, ule ambao miaka yote nilikuwa naupeleka kwa jirani na jirani akiupeleka mtoni. Nilimpelekea mzee taarifa mwenyewe, na debe la viazi vilivyotoka hapo juu ya mstari.

Kuna ubaya wake pia. Panya wanapenda mistari, hasa ikiwa mirefu kwenda juu na yenye mianya, na wakishaweka makao wanashuka kwenye viazi na mahindi. Ndiyo maana nakanyaga sana na sivuki goti. Paka wangu wawili ndio walinzi, siweki sumu. Siweki sumu kwa sababu ya bundi, na kwa sababu ya vinyonga. Milima yetu ya Usambara ina vinyonga wasiopatikana popote pengine duniani, na wengi wanaishi hapa hapa kwenye nyua zetu, siyo msituni Magamba peke yake. Kuna mmoja mdogo mwenye vijipembe viwili mbele ya pua, namkuta karibu kila Juni kwenye lantana. Watu wengi wanamwogopa, wengine wanamuua. Mimi nimewaambia vibarua kwamba kabla ya panga tunatikisa tawi na kutazama, na akionekana tunamwachia kijiti apande, tunamhamishia sehemu ya ua ambayo haikatwi mwaka huo. Nusu ya ua wa magharibi siugusi kila mwaka, kwa ajili yake na kwa ajili ya viota. Nikifikiria biwi zote nilizowasha tangu ujana bila kutazama ndani, roho inaniuma.

Nimeiacha michongoma mwisho kwa sababu ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Wao walisema juu ya kuukwea, nami nasema hata kuupanda ardhini ni vilevile. Mti huu asili yake ni kusini mwa Afrika, na Wazungu wanaupa jina la mto Kei wa huko. Ni ua usio na mfano: ng'ombe hapiti, mwizi hapiti, ukame hauuui. Miti majike inazaa matunda ya njano makali ambayo watoto wanayala kwa chumvi. Lakini mwiba wake ni mrefu kama kidole cha shahada, na haulaini ukikauka. Unazidi kuwa mgumu. Ukilaza matawi yake kwenye mstari, majani yanaoza, kijiti kinaoza, mwiba unabaki umelala kwenye udongo ukingoja mguu. Mwaka wa pili nilipata mmoja kwenye kisigino, ukapita soli ya kandambili kana kwamba ni ukoko wa mkate. Tairi za baiskeli na za bodaboda zilizotobolewa mbele ya shamba langu sitaki hata kuzihesabu. Ng'ombe hauli, njegere haiutaki, mboji inautema jinsi ulivyoingia.

Kwa hiyo, baada ya miaka miwili ya kurundika michongoma kwenye kona bila jibu, nikarudi kwenye moto. Ila siyo moto ule.

Nilichimba shimo la umbo la koni, kama mdomo wa faneli, upana juu mita moja na robo, kina kama sentimita 80. Michongoma nikiikata naiacha kwenye turubai, nje ya njia, wiki tatu au nne ikauke. Siku ya kuchoma nachagua asubuhi yenye umande, nafyeka na kufagia hatua sita kuzunguka shimo hadi udongo uonekane, naweka madumu matano ya maji ya lita ishirini kila moja, na nawaambia majirani jana yake. Nawasha vijiti vichache chini. Vikianza kufanya jivu jeupe juu, naongeza tabaka jembamba la matawi. Likianza jivu, tabaka lingine. Moto unakaa juu daima na unaula moshi wenyewe, kwa hiyo hakuna lile wingu la biwi. Ukisimama upande wa pili hupaliwi. Chini, kwa kuwa hewa haifiki, vijiti vinakuwa mkaa badala ya jivu. Nasukumia kwa uma wenye mpini mrefu, glovu za ngozi na gambuti, sigusi kwa mkono.

Shimo likijaa, kabla halijageuka jivu lote, namwaga maji. Mengi. Mara ya kwanza nilimwaga madumu mawili nikadhani yametosha, nikarudi kesho yake nikakuta jivu na shimo lenye joto. Lazima umwage mpaka ukoroge na uone maji yamesimama. Unachopata ni mkaa mdogo mdogo mweusi, mwepesi, unaolia kama vigae ukiutikisa. Miiba imo, lakini ukiishika inasagika kati ya vidole.

Mkaa huu wataalamu wanauita bayocha. Usiutie shambani mkavu. Nilijaribu kwenye mstari mmoja wa karoti, na karoti zikadumaa, kwani mkaa mtupu unanyonya virutubisho kwanza kabla ya kutoa. Sasa nauponda kwa mchi mzee, nauloweka kwenye mkojo wa ng'ombe kwa wiki mbili, kisha nauchanganya na mboji, ndoo moja ya mkaa kwa nne za mboji. Udongo wetu wa milimani una tindikali na mvua inausuuza sana, mkaa unaupa mahali pa kushikilia chakula. Vitunguu vya mwaka jana niliviweka nusu tuta na mkaa na nusu bila. Sikuhitaji kupima, hata watoto wanaonipalilia waliona.

Jirani wa migomba alikuja kuniona nikichoma mara ya tatu. Alisimama mpakani, pale pale cheche zilipovukia. Nilidhani amekuja kulalamika, na angekuwa na haki. Aliuliza kama yale madumu ya maji ni matano au sita. Nikasema matano. Akarudi nyumbani kwake, akaja na la sita, akaketi juu yake mpaka tukamaliza.

Tangu mwaka huo hajawahi kukosa. Michongoma yake naye ataileta, anayo upande wa zizi la mbuzi. Jumamosi hii tunaanza saa moja asubuhi kama umande utakuwepo. Shimo nimeshalisafisha, na yeye amesema atakuja na mwanawe, yule aliyekuwa bado anabebwa mgongoni mwaka ule wa moto.